Faili la Nyumba Ishirini na Nane

Kijiji cha Ros Cíde, huku Ayalandi, kina mtu mmoja tu asiyeogopa kuweka jina lake kwenye barua ya kupinga, naye ndiye anayeandika makala haya. Lijulikane mapema, tusije tukasumbuana mbele ya safari.

Saa tatu asubuhi, Alhamisi. Neansaí Ní Ghaora anafungua dirisha la ofisi ndogo ya vibali vya ujenzi, anawasha birika, anapangusa maji yaliyodondoka mezani kutoka darini. Yupo hapa siku mbili kwa wiki, mwaka wa kumi na tisa sasa.

Ukitaka kujua jirani anajenga nini, unamwomba faili. Anakupa. Kila karatasi iliyomo ni ya umma, pamoja na barua ya kila aliyepinga, jina na anwani yake.

"Ndiyo maana hakuna anayepinga," anasema. "Jikoni kwao wote simba. Wakifika hapa dirishani, wananiuliza habari za mvua."

Faili la msimu huu ni la nyumba ishirini na nane, kilimani juu ya shule. Kibali kilitolewa kwa sharti kwamba ziuzwe kwa watu wanaozungumza Kiayalandi nyumbani. Sasa mwenye mradi anaomba sharti liondolewe. Shule ina watoto kumi na mmoja.

"Wakinunua watu wa likizo, madirisha yatakaa giza hadi Juni," anasema Neansaí. "Wakinunua wenye watoto wa Kiingereza, hawa kumi na mmoja wetu watakiacha Kiayalandi kabla ya Pasaka. Nimeshaliona hilo kijiji cha pili."

Ripoti ya mradi ina kurasa mia moja na arobaini, Kiingereza kitupu. Kwa wiki tano za kupokea barua za kupinga, Neansaí aliwaeleza wazee kwa Kiayalandi, ukurasa baada ya ukurasa. Kazi hiyo haimo kwenye mkataba wake.

Wiki hizo ziliisha juzi, Jumanne, saa kumi jioni.

"Barua zilikuja ngapi?" mwandishi anamuuliza, kifua mbele.

"Omba faili usome."

"Mimi tena? Si unanijua!"

"Nakujua," anasema, akimimina chai. "Anayeomba nampa. Asiyeomba simwambii kitu. Wakiniona nina upande, dirisha hili litafungwa."

Mlango unasukumwa. Anaingia Learaí Ó Maoilchiaráin, mfuga kondoo wa miaka sabini na sita, koti likichuruzika maji.

"Ahaa, shujaa wetu yupo!" anasema. "Neansaí binti yangu, nipe faili la kilima. Bríd mke wangu amenituma nisikie barua ya huyu kijana neno kwa neno, nikamsimulie."

Wiki ya kwanza ya barua, baani, mbele ya watu wasiopungua kumi na wanane, mwandishi alitangaza kwamba barua imeshakwenda, na ada ya yuro ishirini ameilipa. Walimnunulia bia mbili.

Neansaí analeta faili. Learaí anajipapasa mifukoni.

"Miwani nimeisahau. Soma wewe, mwanangu, ni maneno yako."

Mwandishi anafungua. Tangazo lililopigiliwa getini. Ramani. Ripoti. Jalada la nyuma.

"Mbona kimya? Koo limekauka? Neansaí, mpe chai."

"Mzee, nilitaka kwanza niipange vizuri..."

Learaí anaelewa taratibu. Hapazi sauti. Anatoa bahasha kwenye koti, ameikunja mara mbili.

"Ya kwetu Bríd aliiandika siku ileile ya baani. Nikaificha nyuma ya saa ya ukutani. Nikasema, jina la kijana limeshatangulia, langu la nini? Mwenye mradi ni binamu yangu." Anaisukuma dirishani. "Inapokelewa, binti?"

"Juzi ningeipokea, mzee."

"Kuna nyumba ngapi zilizofanya kama mimi?"

Neansaí anafunga faili, lisilo na barua hata moja.

Mwandishi, kwa sababu kazi inadai hivyo, anamuuliza ana matumaini gani.

"Sharti litaondoka," anasema. "Matumaini yangu ni kwamba mtu akija kuuliza baadaye kwa nini hatukusema kitu, apate jibu mahali. Liandike wewe gazetini. Jina na anwani."

Learaí anavuta kiti, anakaa.

"Andika," anasema. "Leo nakungoja hapahapa."