Farasi wa Okoth

Mtu akikuambia Syprose ana wazimu, jua ananitukana mimi pia. Ni jirani yangu hapa Mogogosiek, na nimechuma chai naye miaka mingi. Alizaliwa kwenye laini za wafanyakazi Kericho, wazazi wake wakiwa Wajaluo waliofuata kazi. Alichuma chai ya kampuni mpaka mashine zikamtoa shambani, ndipo yeye na mumewe Kepher, mtu wa boila kiwandani, wakanunua kipande karibu nasi. Nimemwona akiua nyoka kwa panga kisha akaendelea kuchuma bila hata kusema pole kwa moyo wake.

Kwa hiyo aliponiambia anasikia farasi kwenye chai, sikucheka. Huku kwetu farasi hakuna. Punda wenyewe mpaka uende Mulot.

"Anatembea na mtu, Mama Kipruto," alisema. "Ukungu ukishuka asubuhi, nasikia kwato, halafu miguu ya mtu. Juzi walikuwa huko mtoni. Leo wamefika kwa ua."

Kepher alipoulizwa aliinamisha kichwa, akatusimulia. Baba wa babu yake, Okoth, alichukuliwa kwenye ile vita ya kwanza ya Wazungu akawa saisi, yaani mtunza farasi. Wapanda farasi ndio waliokuwa macho ya jeshi. Walitangulia mbele, wakamchungulia adui, wakarudi mbio kusema. Bwana alipanda, saisi akafuata kwa miguu na mzigo wa nyasi. Lakini mbung'o waliua farasi wengi kuliko risasi, na mabwana wengi walimaliza vita wakitembea kama sisi. Okoth aliamriwa amwache farasi wake mgonjwa porini. Akakataa. Hakuonekana tena, na hakuzikwa.

"Basi hiyo kitu ni ya kwenu," Syprose alimwambia mumewe mbele yangu. "Maliza nayo. Ama naenda kwa dada yangu Kericho, na sirudi."

Kepher aliogopa. Mwanamume huyu hajui hata kuchemsha maji bila mke wake, na anampenda kupita kiasi. Alifanya kama wanavyofanya Wajaluo wenzake mtu akipotelea mbali. Badala ya mwili, huzikwa tunda la yago, lile refu la kijivu linaloning'inia mtini. Alilifuata Mulot. Aliyempa alimkonyezea jicho, maana sisi Wakipsigis tunalitia kwenye pombe. Kepher, mzee wa kanisa mzima! Nilimtania mpaka nilipolipokea mikononi. Lilikuwa na uzito wa mtoto mchanga, na utani ukanikauka.

Tulilivika blanketi, tukalizika mchana nyuma ya nyumba. "Lala sasa, baba," Kepher alisema, akalia, na mimi nikalia naye.

Asubuhi iliyofuata nilienda kuwaona. Ukungu ulikuwa umeziba hata choo. Mfuko wa Syprose ulikuwa mlangoni, umefungwa, ukisubiri jibu. Ndipo nikasikia kwa masikio yangu mwenyewe.

Kwato tu, bila miguu ya mtu. Zilikimbia mpaka kona ya shamba, zikasimama, zikageuka, zikarudi mbio, kama ng'ombe aliyepotelewa na ndama. Kitu kikagonga ua, mbao zikalia. Kisha pumzi nzito langoni, karibu sana.

"Tumemzika," Kepher alinong'ona. "Mbona haendi?"

"Mtu ameenda," Syprose akasema. "Mmemzika mtu. Na huyu mmemwacha na nani?"

Alichota maji kwenye karai, akaenda langoni. Hapakuwa na chochote pale, naapa. Lakini maji yalianza kupungua, polepole, kwa sauti ya kunywa. Syprose akainua mkono juu ya bega lake, akaushikilia hewani kama anayeshika hatamu, taratibu. Kwato zikatulia.

"Syprose, rudi ndani," Kepher alimsihi.

"Nikirudi, nani atamshika?"

Siku hiyo alitoa nguo kwenye mfuko. Kepher alifurahi, akaniambia mke wake amebaki. Tangu hapo, ukungu ukishuka tu, Syprose yuko kwenye chai, mkono juu, akizungumza Kijaluo cha zamani ambacho Kepher mwenyewe hakielewi chote. Hali chakula mezani. Haendi hata sokoni.

Majuzi Kepher alibanwa na kifua. Alimwomba ampeleke hospitali. "Nenda na Mama Kipruto," alijibiwa, "huku siwezi kutoka." Tukapanga foleni, mimi na mume wa mtu. Tulipokaribia dirisha akanishika mkono.

"Ningemwacha aende kwa dada yake," alisema. "Kericho angalau ningemfuata."