Waya wa Shaba Kwenye Swichi ya Kifuniko

Mimi si mzee, mwanangu. Hata mvi moja sina. Lakini siku ile naikumbuka kila ninapokufunga mgongoni, na hasira yake imenizeesha kabla ya wakati. Ulikuwepo, umelala mgongoni mwangu, kwa hiyo nani atakueleza kama si mimi?

Baba yako Kasongo na mimi tulifanya kazi katika maabara ya kuchunguza mawe ya mgodi, hapa Lubumbashi. Palikuwa na mashine ya leza: inapiga jiwe kwa mwanga wa ghafula, jiwe linatoa moshi wenye rangi, na rangi inatuambia ndani mna madini gani. Mwanga ule ni wa kufumba na kufumbua, lakini umeme wake hukusanywa polepole ndani ya kapasita, mikebe minene inayoshika umeme kama bwawa linavyoshika maji. Sakiti ya kuongoza ndiyo mlinzi wa bwawa. Inapima; mikebe ikijaa, inakata. Kisha inangoja amri. Ukibonyeza, inatuma mshtuko mdogo kwenye taa iliyo ndani, taa inafungua njia, umeme wote unashuka kwa pamoja, na leza inapiga. Na ukifungua kifuniko, swichi ndogo pembeni inaiambia sakiti: mtu anaingia. Hapo inaacha kujaza, inaumwaga umeme pembeni usimkute mtu.

Asubuhi hiyo tulingoja mkubwa wa chama tawala kutoka Kinshasa. Bawaba ya kifuniko ilikuwa imelegea, swichi haibanwi, mashine inakataa kujaa. Kipuri hakuna. Shefu, mkuu wetu wa maabara, akatumia kile tunachokiita kifungu cha kumi na tano, yaani jipange mwenyewe: akaifunga swichi kwa waya ibaki imebanwa. Mji huu unaweza kukosa sukari, lakini waya wa shaba, hapana.

"Shefu, sasa sakiti itaamini kifuniko kimefungwa siku zote," nilimwambia.

"Sitwayeni, kazi yako leo ni kucheza na bamama." Sitwayeni, yaani raia wa kike: ndivyo chama kilivyotaka tuitwe.

Nikaenda uani kucheza ngoma ya kumpokea mgeni, nikiimba sifa huku meno yamekazana. Kasongo alikuwa mbali anapanga viti, hakujua kitu kuhusu ule waya.

Mgeni akaingia maabarani, sisi wanawake nyuma yake tukiimba. Shefu akabonyeza. Hakuna mwanga. Akabonyeza tena. Mgeni akacheka: "Ndiyo hii mashine yenu?"

"Kasongo, fungua haraka, utazame waya wa taa!" shefu akaamuru.

Baba yako akafungua kifuniko. Akangoja kidogo umeme umwagike, kama alivyofundishwa. Mimi nilitazama mshale wa geji inayopima umeme wa mikebe. Haukushuka. Wazee walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mwanangu, niliuona mshindo ule umekaa kimya. Mkono wake ukaanza kuingia.

"Kasongo, toa mukono! Iko imejaa!" nilipiga kelele.

Kasongo akaurudisha mkono, nyimbo zikakatika. "Nyamaza, bageni beko hapa," shefu akanong'ona. Yaani mtu afe kwa adabu ili mgeni asikasirike! Nikampiga shefu kikumbo nikapita, nikazima umeme ukutani, na kwa kuwa sikuamini tena kitu chochote mle ndani, nikachukua fimbo ya kumwagia umeme, yenye waya unaokwenda ardhini, nikaigusisha kwenye kapasita. Paa! Mlio kama bunduki. Mkubwa wa chama akachuchumaa nyuma ya meza. Wewe ukaamka ukilia.

Unadhani nilishukuriwa? Tukirudi mtaani kwetu Kampemba, baba yako akaniambia, "Umenipatisha haya mbele ya bantu. Batasema ninatawaliwa na muke."

Nikasimama katikati ya njia. "Bacheke muntu muzima, Kasongo! Ao ulitaka balilie maiti yenye heshima? Na huyu mutoto ningemwambia nini?"

Tulikwenda hatua kadhaa. Kisha akakutoa mgongoni mwangu, akakubeba mwenyewe hadi nyumbani, wanaume wa mtaa wakimtazama.

Basi shika hili, mwanangu. Kitu kilichowekwa kukulinda kikikusumbua, kitengeneze, usikidanganye. Na ukiona mkono wa mtu unaelekea hatarini, piga kelele, hata mkubwa akiwepo, hata wimbo ukiwa haujaisha. Adabu ni nzuri, lakini haijamfufua mtu. Aibu huisha, kaburi halirudishi.

Mungu akupe sauti isiyotetemeka mbele ya wakubwa, na akulindie mikono yako yote miwili hadi izeeke.