Niliomba tawi la jeshi la anga za juu, nikapewa ufunguo wa jenereta

Wakuu, heshima kwenu. Nimeona mnabishana humu kama jeshi linahitaji tawi lake la anga za juu.

Hilo mimi nililipigania Bagamoyo mwanzoni mwa miaka ya sabini, diploma mkononi. Ninayoandika yamenikuta mwenyewe.

Nilipokwenda Ulaya kusomea elektroniki, mtaani walisema sitamaliza hata baridi ya kwanza. Nikarudi na diploma ya daraja la juu, Mwafrika peke yangu darasani. Wakageuza: "Haya, kasomea nyota. Atakula nyota?"

Jeshi likanichukua. Jina la kambi sitalitaja.

Wakati ule setilaiti za hali ya hewa zilirusha picha za mawingu, na mwenye antena na mashine alizipokea bure. Mashine ya kuchora picha nilirudi nayo, chuo kilikuwa kinaitupa. Antena niliiunda mwenyewe: waya wa shaba niliazima kwa fundi redio wa Mlingotini, wavu wa kitako chake ukatoka kwenye banda la kuku la shangazi yangu, Bi Mwanaidi.

"Nakuazima, sikupi," alisema. "Na kuku wangu walale wapi?"

"Wiki mbili tu, shangazi."

Miezi miwili ikapita bila picha hata moja.

Antena ilikuwa nzima. Tatizo ni kwamba nilikuwa na mabosi watatu. Watu wa mawasiliano walisema mimi ni mtu wao kwa sababu natumia redio. Watu wa ndege walisema kila kilichoko juu ni chao. Usafirishaji walishika ufunguo wa jenereta, na hawawashi bila sahihi za wale wawili.

Setilaiti inapita kwa dakika kumi na kitu tu. Haisubiri sahihi.

Nikaandika pendekezo la kurasa arobaini: tawi jipya, kamanda wake, sare yake. Beji nilikwisha kuishonesha. Meja mmoja wa ndege akalisoma kwa sauti mbele ya watu: "Ndege zenyewe tunazihesabu kwa vidole, huyu anataka tawi la kwenda mwezini!"

Mkuu wa kambi hakucheka. "Kijana, Jumatatu saa nne nakuja. Nisipoona picha, mashine inakwenda stoo, na wewe utafundisha madereva."

Jumatatu akaja. Setilaiti ikaanza kusikika kwenye redio ya betri, tika tika tika. Nikamwambia sajini wa usafirishaji awashe jenereta ya mashine.

"Sahihi ya watu wa ndege haipo."

"Mkuu wa kambi huyu hapa!"

"Namwona, afande, na saluti nimempigia. Lakini fomu ina nafasi mbili za sahihi, na yeye hayumo."

Mkuu akatazama saa yake mpaka mlio ukafifia.

Sikuwa tayari kurudi mtaani kwa wale wa nyota. Nikasema, "Afande, itapita tena baada ya saa mbili hivi, upande wa magharibi. Naomba unisubiri."

Akamnyooshea sajini mkono, akachukua ufunguo, akautia mfukoni. Tukangoja.

Mara ya pili jenereta aliiwasha yeye. Mimi nikaigeuza antena kwa mikono, jasho linanichuruzika. Picha ikajichora mstari kwa mstari: mawingu, pwani, kisha Unguja na Pemba kama mbegu mbili.

"Bagamoyo iko wapi?"

"Chini ya kidole chako, afande."

Akakiondoa taratibu.

"Tawi sikupi. Mtu mmoja si tawi. Ila kuanzia leo unaripoti kwangu, na ufunguo huu unakaa nao wewe."

Iliniuma, beji ilikuwa nzuri. Lakini tangu siku ile picha hazikukosekana.

Kwa hiyo wakuu, kabla ya sare na kamanda, ulizeni: setilaiti ikipita, ufunguo anao nani? Kama wanaugombania watatu, tengeni leo kitengo kimoja kiushike. Kazi ikikizidi, tawi mtalipata. Anayepinga aje na hoja, na diploma yake akiwa nayo.

Stoo iliponipa vifaa vipya, nilirudisha vya watu siku moja. Fundi wa Mlingotini aliupima waya wake kwa mkono, ukatimia. Kwa Bi Mwanaidi nilipeleka wavu na nakala ya picha.

"Shikamoo shangazi. Hapa ndipo kwetu, kutoka juu kabisa."

"Marahaba." Akaitazama sana. "Banda langu mbona silioni?"

"Halionekani, shangazi."

"Basi na kicheche aliyenilia kuku watatu hamkumwona."

Akaibandika picha ukutani. Mimi nikatoka kwenda kufunga wavu.