Mama Aliikataa Rufaa Yake Mwenyewe

Leo nimepiga simu kliniki nikiwa tayari kugombana.

Mama yangu alipewa rufaa ya kliniki ya kupunguza uzito tangu theluji haijayeyuka, na hadi leo kimya. Nikajua tu wameipoteza.

Muuguzi akatafuta, akasema kwa upole, “Ilifika. Mama yako mwenyewe aliikataa.”

Mimi na Mama tulikuwa jikoni kwetu, mtaa wa Husby, huku ughaibuni. Nikamgeukia. “Mama, kweli?”

Akainamia kikombe chake. “Kule wanauliza mambo ya mwilini, mwanangu. Na mkalimani wangu ni wewe. Nitayasemaje mbele yako?”

Jamani, sikuwahi kulifikiria hilo.

Nilipomweleza muuguzi, akasema rufaa itafunguliwa upya. Akamuunganisha hapohapo mkalimani wa Kiswahili, mwanamke.

Nikampa Mama simu, nikatoka, nikafunga mlango.

Ninyi mnaowatafsiria wazazi hospitalini, mmewahi kuwauliza?