Yai Nililolikanyaga Hifadhini

Nilikanyaga yai.

Si la kuku. Lilikuwa yai la tandawala, la kwanza kuliona kwa macho yangu tangu tuanzishe hifadhi mwaka mmoja nyuma. Na nililiona likiwa chini ya buti langu.

Krak. Basi.

Niliinua mguu polepole huku nikiomba liwe jiwe. Halikuwa jiwe. Kiini kilikuwa kinachuruzika kwenye soli. Ganda lilikuwa la kahawia lenye madoa, rangi ileile ya udongo. Ungeweza kulitazama dakika tano usilione.

Mama yake alikuwa amesimama hatua kama thelathini mbele yangu, shingo juu, ananitazama. Halafu akageuka akaondoka kwa miguu. Hata kuruka hakuruka.

Nilikaa chini nikalia kama mtoto.

Sasa ngoja niwaeleze kwa nini yai moja linamliza mtu mzima mwenye digrii.

Nilipomaliza chuo nilikuja hapa kujitolea. Kaya ishirini na sita zilikuwa zimekubali kuacha kulima mashamba yao ya uwandani kwa mwaka mmoja, ili tandawala warudi. Huyu ni ndege mzito, mrefu wa miguu, anayetaga chini kabisa kwenye udongo katikati ya nyasi, bila kiota. Makubaliano yalikuwa mepesi: mwaka ukiisha bila kifaranga hata mmoja, trekta linaingia.

Kifaranga mmoja tu. Hawakuniomba zaidi ya hapo.

Nami nilichapa kazi, jamani! Kila Jumamosi niliwakusanya watu sitini, sabini. Tukatandaza njia ya mawe katikati ya uwanda. Tukapanda miche elfu moja na mia mbili. Tukaweka mabango, mabenchi, na kibanda cha wanafunzi cha kutazamia ndege.

Kulikuwa na mama mmoja, fundi cherehani, aliyebeba maji ya miche kila asubuhi kabla ya kufungua duka lake. Tukambatiza Mama Ndoo.

"Daktari wa Ndege," alikuwa akinitania, "hao wagonjwa wako mbona hawaji kliniki?"

"Watakuja, mama. Si unaona maendeleo?"

Nilisema hivyo. Kwa kinywa changu mwenyewe.

Sasa nimekaa kwenye nyasi, mkutano wa mwaka wa kaya zote ni kesho saa nne, na nikageuka kutazama nyuma.



Nyayo zilikuwa kila mahali. Zangu, za Mama Ndoo, za wanafunzi, za watu wa Jumamosi. Hapakuwa na eneo la ukubwa wa kitanda ambalo hatukulipita. Tulikuwa tumewajengea tandawala kila kitu, isipokuwa mahali ambapo sisi hatupo.

Mlinzi wetu, tunayemwita Afande, akanikuta pale na baiskeli yake.

"Kulikoni?"

"Nimeteguka mguu."

Akatazama mguu. Akatazama ganda. Akasukumia udongo juu yake kwa ncha ya kiatu, taratibu.

"Pole sana," akasema. "Nenda kapumzike."

 Jioni ile ripoti ya mkutano ilikuwa mezani kwangu, kurasa kumi na mbili, imeandikwa juu *Mwaka Mmoja wa Maendeleo*. Ningeweza kuisoma vilevile, nikaomba mwaka mwingine, nikanyamaza. Nani angejua?

Kesho yake darasa la shule, mahali pa mkutano, lilijaa mpaka madirishani. Mwenyekiti wa hifadhi, mwalimu mstaafu, akanikaribisha.

"Haya binti, tupe maendeleo."

Nikasimama. "Miche elfu moja na mia mbili..."

Makofi!

 Nikaiweka ripoti chini.

"Jana nilikanyaga yai la tandawala."



"Na nadhani ni sisi tunaowafukuza. Hizi Jumamosi zetu. Hizi ndoo. Njia ya mawe niliyoichora mimi."

Mzee mmoja mwenye shamba akainuka kama aliyechomwa na mwiba.

"Kwa hiyo nimekosa mahindi mwaka mzima ili wewe uje ukanyage mayai? Trekta lije! Leo hii!"

Darasa likalipuka kwa kelele.  Nikajua yamekwisha.

Ndipo Mama Ndoo aliposimama.

"Mimi mawili," akasema.

"Mawili nini, mama?"

"Mayai. La kwanza mwezi wa pili, la pili baada ya mvua. Nikayafukia."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambiaje, mwanangu? Ulikuwa na furaha ile. Nikasema mtoto huyu akisikia atavunjika moyo arudi kwao."

Afande akakohoa. "Mimi matatu. Baiskeli."

Mtu mmoja akacheka, kisha akajuta kucheka.

Mwenyekiti akavua miwani. "Mimi moja. Siku ile ya kuzindua benchi."

Mikono ikaanza kuinuka huko nyuma. Moja. Moja. Moja. Moja. Ukijumlisha na langu, mayai kumi na moja.



Mwaka mzima nilikuwa naandika sifuri. Kumbe tandawala walikwisha kurudi zamani! Walijaribu na kujaribu, na kila mara mmoja wetu alivunja, akafukia, akaja kunichekea ili nisiumie.

"Naomba msimu mmoja tu," nikasema. "Lango lifungwe. Hakuna Jumamosi, hakuna maji, asiingie mtu. Hata mimi."

"Na miche yangu?" Mama Ndoo akauliza.

"Mingi itakufa, mama."

Akakaa. Akajifuta macho. Kisha akawa wa kwanza kuinua mkono wa kukubali.

Kaya kumi na nne zilikubali. Kumi na mbili zilikataa, na Jumatatu trekta likaingia kwenye mashamba yao. Nilisikia mngurumo wake nikiwa nje ya lango, nafunga kufuli.

Mama Ndoo alikuja asubuhi ile na ndoo yake, kwa mazoea. Akasimama kando yangu, anatazama miche iliyoanza kunyauka.

"Kumbe kutosaidia nako ni kazi," akasema. Akamwaga maji palepale, akaenda kufungua duka.

Huu ni mwezi wa tatu tangu tufunge lango. Kama kuna kifaranga humo ndani, sijui. Siruhusiwi kwenda kutazama, na aliyeweka sheria hiyo ni mimi.

Kwako uliyesoma mpaka hapa: kama kuna mtu unamficha ukweli kwa kuyaonea huruma matumaini yake, mwambie mapema. Mwache alie.

Mimi ningelia siku moja tu, mwezi ule wa pili. Na mayai kumi huenda yangepona.