Gari Nililolinyanyua

Ijumaa ya kwanza ya Juni, mwaka 1997, mdogo wangu alikufa kwenye barabara ya Moshi, kabla ya kufika Usa River. Alikuwa na miaka thelathini na moja. Aliacha mke na watoto wawili wa kike. Siku tisa baadaye ukoo ulikaa ili kumtoa yule mke katika nyumba, kwa kosa ambalo lilikuwa la mikono yangu. Naandika kwa sababu waliokuwepo siku ile wamebaki wachache, na kila mmoja anasimulia lake.

Nilikuwa na gereji ndogo Sakina; siku za kazi nililala hukohuko na mwisho wa wiki nilirudi nyumbani. Mdogo wangu alikuwa mtunza stoo kwenye shamba la maua, mbele ya Sakina, na alitakiwa awe kazini saa kumi na mbili asubuhi, maana maua hayasubiri. Aliishi nyumbani kwetu, juu ya Maji ya Chai, kwenye mteremko wa Meru. Mabasi ya alfajiri yalikuwa yanapita pale yakiwa yameshajaa. Alikuwa ameshapewa barua mbili za onyo kwa kuchelewa, na ya tatu ingekuwa ya kufukuzwa.

Akaja gereji siku moja, akanisalimia shikamoo kama kawaida yake, kwa kuwa nilimzidi miaka tisa.

"Kaka, nimepata gari. Njoo ulisikilize."

Miaka hiyo biashara ilikuwa imeshafunguliwa. Zamani gari ulihitaji kibali na mtu mkubwa wa kukusemea. Sasa magari yaliyotumika Japani yalikuwa yamepangwa kwenye yadi mjini kama ndizi sokoni. Lake lilikuwa la michezo, la milango miwili, rangi ya kijani iliyokoza, chini kiasi kwamba ilinibidi niiname kuona usukani. Bei yake ilikuwa ndogo kuliko ya magari ya kawaida yaliyokuwa jirani yake, kwa kuwa watu wenye familia hawakulitaka.

"Milango miwili ndiyo salama yako," mwenye yadi akamwambia. "Hakuna shangazi atakayekuomba lifti."

Nilifungua boneti nikasikiliza injini kwa muda mrefu. Nilitafuta moshi, nilitafuta mlio, nikagusa mafuta kwa vidole. Sikupata kosa. Nikamwambia achukue, litampeleka kazini kila siku kwa miaka. Injini ile haikuwa na kosa hata siku ya mwisho. Niliikuta imekaa mahali pake.

Mwezi wake wa kwanza na gari lile hakuchelewa hata mara moja. Alikuwa akipita mbele ya gereji alfajiri, anapiga honi mara mbili, na vijana wa pale Sakina wanamwita Chura kwa sababu ya gari. Lakini njia ya kutoka lami kupanda nyumbani ilikuwa ya mawe na makorongo, na mvua za masika zilikuwa zimeikata zaidi. Tumbo la gari lilikwaruza. Mara mbili nilimzibia bakuli la oili. Akaanza kuliacha chini, karibu na bucha, na kuteremka kwa miguu gizani. Asubuhi moja akakuta betri imeibwa. Alifika kazini saa mbili. Msimamizi hakuandika barua. Alimwambia tu kwamba karatasi anayo mezani.

Jumapili iliyofuata nilikuwa nyumbani kwake baada ya ibada. Mkewe, ambaye kwao ni upande wa Kilimanjaro na hapa hakuwa na ndugu hata mmoja, alituandalia chai kisha akasimama mlangoni.

"Shemeji, mwambie aliuze," alisema. "Anunue hata pikapu kuukuu. Hili gari halikutengenezwa kwa ajili ya njia yetu. Mimi nikilisikia linapanda nakosa raha."

"Mama watoto anaogopa mawe," mdogo wangu akasema, akicheka.

"Siogopi mawe. Naogopa wewe unavyolipenda."

Nikamwambia: "Shemeji, gari halijanishinda bado. Nitalinyanyua."

Nilisema hivyo mbele ya watoto, na kikombe mkononi. Sikuulizwa na mtu. Nilijitolea.

Kunyanyua gari pale Sakina ilikuwa kazi ya kila wiki. Magari ya Japani yalikuja chini, barabara zetu ziko juu, basi tulikuwa tunakata kipande cha chuma cha mviringo, tunakiweka juu ya springi, tunatia boliti ndefu, na mteja anaondoka akiwa ameridhika. Nilikuwa nimefanya hivyo kwa magari mengi na sikuwahi kupata lawama. Hili nililiwekea vipande vya unene wa vidole vitatu, kwa sababu lilikuwa chini kuliko yote. Nilikereza vyuma mwenyewe. Vilikuwa vizuri, sikuwahi kutengeneza vizuri kuliko vile.

Fundi mwenzangu, aliyekuwa akishughulika na magurudumu, alikuja akazunguka gari likiwa juu ya jeki.

"Huyu chura ukimsimamisha, atatembeaje?"

"Atatembea kama wewe," nikamjibu, na waliokuwepo wakacheka.

Yeye hakucheka. "Waliolifanya chini hawakukosa chuma. Kwenye kona litamkataa."

Nikamwambia anipe spana namba kumi na saba. Akanipa.

Gari lilipanda hadi nyumbani siku ileile, likalala uani. Mama yetu alitoka akaligusa. Mdogo wangu alifurahi sana. Baada ya wiki moja alisimama gereji, hakuzima injini.

"Kaka, kwenye kona linaegemea. Kama mtu anayetega sikio."

"Punguza mwendo. Utalizoea."

"Na usukani umekuwa mwepesi."

"Utalizoea," nilimwambia tena. Nilikuwa na gari la mteja mkononi. Akapiga honi mara mbili akaondoka. Alifanya hivyo kwa wiki tano zaidi, na kila alfajiri nikisikia zile honi nilijua kwamba sijalisimamisha lile gari juani nikalikagua upya, na kila alfajiri nilijiambia nitalikagua Jumamosi.

Ijumaa ile honi hazikuja. Nilifungua gereji, nikapanga vifaa, nikasubiri. Ikafika saa moja asubuhi. Fundi wa magurudumu alifika, akaniangalia, akaangalia barabara, akaenda kwenye kazi yake bila kunisalimia. Saa tatu akaja mtu wa Maji ya Chai kwa pikipiki kunipa habari.

Muuza maziwa aliyekuwa kando ya barabara aliona yote. Alisema ng'ombe walikuwa wanavuka, mdogo wangu akawakwepa kulia, akarudisha kushoto. "Halikuteleza," alisema. "Lilijilaza kama limechoka, kisha likaviringika." Mwendo haukuwa mkubwa. Sijui kama lingebaki chini angepona. Nimejiuliza tangu siku hiyo, na sitajua. Najua kwamba magari mengine yamekwepa ng'ombe mahali pale na kuendelea na safari.

Nililiona gari kwenye kituo cha polisi, limelala magurudumu juu. Vile vyuma vyangu vilikuwa vinaonekana, vimeshika vizuri, havina hata ufa. Askari wa usalama barabarani aliniuliza kama gari lilikuwa limefanyiwa marekebisho. Nilimjibu kwamba sijui. Hiyo ndiyo kauli yangu, ipo kwenye karatasi zao.

Tulizika Jumanne. Kabla udongo haujakauka maneno yalianza. Katika ukoo wetu, mtu akifa kwa ajali watu hukaa wakaulizana chanzo, na mwenye mkono ndani yake akikubali, hutoa mnyama. Asipopatikana wa kukubali, hutafutwa wa kubebeshwa.

Kikao kilikuwa siku ya tisa, uani, viti vya kuazima vya kanisani. Baba mkubwa alikuwa mbele. Shemeji alikaa chini kwenye mkeka, mtoto mdogo mapajani, akiwaangalia wasemaji mmoja mmoja.

Shangazi ndiye aliyeanza. "Mwanangu alikuwa mtu wa baiskeli. Nani alimfundisha magari ya watu wa mashindano? Mwanamke alitaka aonekane barabarani."

"Shangazi, mimi sikutaka gari lile," shemeji alisema.

"Wewe nyamaza kwanza. Waliofiwa ni sisi."

Mjomba mmoja akapendekeza arudi kwao, watoto wabaki kwa bibi yao, nyumba ifungwe. Wengine wakaitikia kwa vichwa. Baba mkubwa aliuliza kama kuna mwenye neno kabla hajafunga.

Nilikuwa nimekaa nyuma, karibu na ukuta. Kulikuwa na nafasi ya kunyamaza, na ningenyamaza ingepita, kwa sababu waliojua nilichofanya walikuwa wenzangu wa Sakina, ambao hawakuwepo, na mwanamke yule aliyekuwa ameambiwa anyamaze. Aliniangalia mara moja tu. Hakuwa ananiomba.

Nikasimama. Nilisema kwamba yeye ndiye aliyetaka gari liuzwe, nami nilikuwepo. Nilisema nililinyanyua mwenyewe bila kuombwa, kwamba nilionywa na fundi, kwamba marehemu aliniambia linaegemea na nikamwambia atalizoea, na kwamba nilimdanganya askari. Niliyasema kwa Kimeru, ili mama asikie vizuri.

Shangazi alisema, "Umechanganyikiwa na msiba, mwanangu. Kaa."

"Sijachanganyikiwa."

Mama aliinuka akaingia ndani. Tulimsikia akifunga mlango. Baba mkubwa alikuna goti, kisha akasema mwanamke asiguswe, nyumba ni yake na watoto wake, na mimi nimpe mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa. Watu waliondoka wawili wawili, na walipopita kwangu hawakunipa mkono.

Jumamosi niliswaga mtamba kutoka kwangu hadi kwake. Shemeji alikuwa anafua. Alikausha mikono kwenye kanga, akapokea kamba, akaniuliza kama ng'ombe ameshakunywa maji. Nikasema bado. Akampeleka nyuma ya nyumba, na mimi nikabaki nimesimama getini mpaka mtoto mkubwa alipokuja kulifunga.