Mshona mito wa Kariakoo aliyeumbuliwa na damu yake

Saa moja na nusu asubuhi, Mtaa wa Nyamwezi, Kariakoo. Mpagazi amejitwisha gunia la sufi ya kujazia mito, anataka kuingia nalo kwenye fremu ya duka. Kabla hajainua mguu, sauti inamdaka kutoka ndani.

"Hapo hapo! Gunia hilo halivuki mlango wangu. Lizungushe uani kwa Hafidhi."

Mwenye sauti ni Euphrasia Tarimo, miaka 49, ambaye wateja wake humwita Mama Aaron. Mkasi mkononi, futi kamba shingoni, anarudi kwenye kitambaa alichokitandaza mezani. Kwa siku anashona mifuko sitini ya mito. Kuijaza ni kazi ya Hafidhi na wenzake.

"Miaka ishirini na mbili nimeishika sufi kwa mikono hii," anasema bila kuinua macho. "Nimeichambua, nimeichapa fimbo, nimeishindilia. Jioni natoka hapa nywele nyeupe kama bibi kizee. Siku hizi naitazama kwa mbali, kama mtu na mkwewe."

Anacheka, na kicheko chake hakikatizwi na kikohozi. Wanaomfahamu wanajua hilo si jambo dogo.

Kikohozi kilimwanza mwaka 2019. Kikavu, cha kuchokonoa. Kisha zikaja ngazi. Euphrasia anaishi ghorofa ya tatu katika jengo moja la Mchafukoge, na kila ghorofa ilimlazimu kusimama. Akabuni ujanja: anafungua mkoba, anajifanya anatafuta ufunguo hadi pumzi irudi.

"Majirani walidhani napoteza ufunguo kila siku."

Katika zahanati ya kwanza aliyokwenda, makohozi yake yalipimwa na hayakuonyesha vimelea vya kifua kikuu. Lakini picha ya kifua ilikuwa na ukungu, akaanzishiwa dozi ya miezi sita. Akaimeza yote. Kikohozi hakikutikisika. Mwaka uliofuata akarudishwa kwenye dozi ileile.

Habari zikasambaa. Kanisani, benchi lake la kwaya likawa na nafasi tele. Wateja wawili wa siku nyingi wakahamia duka la jirani.

Aliyemtoa huko ni jirani yake wa ghorofa ya kwanza, Bi Taraben, ambaye kila jioni alikisikia kikohozi hicho kikipanda ngazi. Siku moja alimngoja mlangoni.

"Mama Aaron, hiki si kifua kikuu," alimwambia. "Kingekuwa kifua kikuu, miaka yote hii kingeshatumaliza jengo zima. Kesho twende kwa mtoto wa dada yangu."

Mtoto huyo ni Dk Zalak, daktari wa magonjwa ya kifua katika hospitali moja karibu na Posta. Alimwamkia mgonjwa wake shikamoo, akamsikiliza mgongoni kwa kifaa chake. Chini kabisa ya mapafu alisikia mlio kama mkanda wa kunata wa kiatu cha mtoto unapobanduliwa. Akauliza swali moja: "Mama, unafanya kazi gani?"

Euphrasia anaweka mkasi chini anapofika hapo. "Miaka minne ya kuzunguka, hakuna aliyewahi kuniuliza hilo."

Siku hiyo alitolewa damu. Dk Zalak na wenzake walikuwa wakifanya utafiti wa kipimo kinachotafuta protini fulani inayotengenezwa na pafu. Pafu linapoumia na kuanza kuweka makovu, anaeleza daktari, protini hiyo huvuja na kuingia kwa wingi kwenye damu. Kwa mtu mzima asiye na tatizo, kipimo walichotumia husoma chini ya uniti 500. Cha Euphrasia kilisoma 1,840.

"Damu peke yake haitoi hukumu," anasema Dk Zalak. "Ilituambia tusipoteze muda. Tukampiga picha ya CT, makovu tukayaona, na kazi yake ikatuonyesha yanakotoka. Mwili wake ulikuwa unapigana na vumbi la sufi, na vita vyenyewe vilikuwa vinapiganwa ndani ya pafu."

Akapewa dawa ya kutuliza uvimbe na amri moja: sufi basi. Baada ya miezi minne, kipimo kilishuka hadi 1,130. Ngazi zikaanza kuwa fupi.

Hapo ndipo Euphrasia alipoteleza.

Nyumba moja ya wageni iliagiza mito mia mbili. Hafidhi Abdulswamad, mjazaji wake mkuu, alikuwa kwao Tanga msibani. Kwa wiki tatu Euphrasia alijifunga khanga puani, akarudi kushindilia. Mito ikatoka kwa wakati. Siku ya kliniki akavaa gauni lake zuri.

"Daktari aliniuliza, mama, umerudi kwenye sufi? Nikamjibu, hapana mwanangu. Hakubishana na mimi. Aligeuza karatasi upande wangu."

Ilisomeka 1,690.

"Nililia. Hata si kwa ugonjwa, ni kwa aibu. Mtu mzima nadanganya, halafu naumbuliwa na damu yangu mwenyewe."

Alitoka pale na uamuzi. Ndani ya wiki sufi yote ikahamia uani, penye upepo, na wajazaji wakanunuliwa barakoa nzito. Yeye akabaki ndani ya fremu na cherehani yake. Kwa miezi kadhaa kipato chake kilianguka kutoka shilingi laki tisa kwa mwezi hadi laki tano na nusu, mpaka alipoongeza mapazia na vitambaa vya makochi. Sasa amezipita laki tisa zake.

Kipimo cha mwisho kilisoma 610.

"Kovu lililokwishakaa halifutiki," Dk Zalak anasema, "lakini moto uliokuwa unaongeza mengine umepoa. Tunaendelea kumfuatilia."

Vita vilivyobaki vilikuwa vya kumshawishi Hafidhi, miaka 54, ambaye alikataa kupimwa karibu mwaka mzima. "Mimi na vumbi tumezoeana," ndiyo ilikuwa kauli yake.

"Nikamwambia, kaka, hata mimi nalo tulizoeana. Ona lilichonifanyia."

Mwezi uliopita Hafidhi alikubali, kwa sharti kwamba Mama Aaron akae naye. Akakaa naye, akamshika bega sindano ilipoingia. Majibu yalikuwa juu kidogo ya kawaida, na picha haikuonyesha kovu lolote. "Nimewahi," anasema Hafidhi, na barakoa yake sasa haishuki kidevuni.

Habari hiyo imefika kwa wajazaji wengine wa mtaa huo. Timu ya utafiti imekubali kuja Jumapili ijayo kuwatoa damu hapohapo uani, na Euphrasia ameshaandikisha majina thelathini na moja.

Kwake mwenyewe ana mpango mwingine. Kutoka barabara ya lami hadi nyumbani kwao Rombo kuna kilima cha dakika ishirini, na Krismasi tatu mfululizo amekipanda kwa bodaboda, kichwa chini, watoto wa jirani wakimshangaa.

"Desemba hii nakipanda kwa miguu," anasema. "Nikichoka nitakaa juu ya jiwe, nitapumua, nitaendelea. Mama nimeshampigia simu. Nimemwambia asiwe na haraka ya kupakua mtori wake wa ndizi."